Mfupa Uliokataa Chai

Mulot,
9 Machi 2025

Mama Moureen, dada yangu,

Bwakire, umeamkaje? Sisi huku tuko, na natumaini nawe uko. Bilhah anakusalimu, ingawa bado hajakusamehe vile ulisema Krismasi kwamba chapati zake zinaweza kuziba bati linalovuja. Kijana wetu Masese yuko Nakuru kwa ile gereji ya magurudumu. Hupiga simu mwisho wa mwezi, anasema yuko sawa, anakata. Mvua imechelewa na wenye ngano wameanza kununa.

Utashangaa kuona karatasi. Simu yangu iliingia kwenye pipa la kuchemshia mifupa, na kabla sijaitoa ilikuwa imeiva. Fundi wa hapa stendi aliifungua, akaangalia, akaifunga. Kununua nyingine sina haraka. Kuanzia sasa barua nitaitia ndani ya gunia pamoja na shanga, nawe ujibu vivyo hivyo ukirudisha gunia. Tuliandikiana hivi ulipokuwa umeolewa kule Nyamira na hakuna aliyekufa. Usihangaike kunitafuta kwa simu ya Bilhah. Saa nyingi hatuko pamoja.

Humu ndani kuna shanga mia tatu. Zote ni za mfupa wa mguu, ule mzito, si mbavu. Nimezichemsha na magadi mara mbili mpaka mafuta yote yakatoka, kwa hivyo rangi ya chai itashika vizuri. Tundu ni dogo, tumia uzi wa nailoni, usitumie ule wa kushonea viatu. Zile ndefu kumi na mbili ni za katikati ya mkufu. Usizianike juani, zitapasuka.

Siku hizi nakatia ndani ya ile stoo ya nyuma, maana majirani walilalamikia harufu. Nimeziba dirisha na gunia na kazi inaendelea. Nina mafua kidogo ambayo hayataki kwenda. Ni hii baridi ya asubuhi.

Mwambie Fancy nisisikie kibanda chake cha mikufu kimekosa mali. Aseme anataka nini, nami nitakata. Bora wewe unapata unga na kodi ya nyumba kutoka kwa hiyo kazi, mimi siombi kingine. Bilhah anapika jikoni mwangu kwa sababu ya ng'ombe saba waliotolewa ulipoolewa wewe. Kwetu ndugu akishaoa kwa ng'ombe wa dada yake, huyo dada ni wa kuangaliwa mpaka mwisho, na wewe mume alikufa mapema. Mimi sijasahau.

Ndugu yako,
Onyiego


Kapkatet,
30 Machi 2025

Kwako Baba Masese, mpishi wa simu,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikakaa nikawaza, mtu anayeosha msumeno wake kila jioni kama sahani ya mgeni, anaangushaje simu kwenye pipa? Lakini nimekubali. Barua pia ni nzuri. Mtu anaisoma mara mbili, na huwezi kunikata nikiwa katikati ya maneno.

Huku tunaendelea. Moureen amejifungua mtoto wa pili, msichana, na wamempa jina langu. Maskini mtoto. Chai imeanza kutoa majani baada ya zile mvua mbili, mashamba yote ni watu na vikapu. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Unaniuma kwa kukaa sana nikitunga shanga.

Zako zilifika salama. Nilinunua kilo mbili za chai ya vumbi, nikaichemsha mpaka ikawa nzito, nikatia chumvi, nikalaza shanga humo siku tatu. Kabla ya hapo nilizipaka nta ya mshumaa mistari miwili miwili, ili chai isipite pale. Nilipozitoa na kukwangua nta, mistari ilibaki myeupe na kwingine kote kahawia. Zile ndefu nilizitia kwenye sufuria ya pili yenye misumari iliyoshika kutu, nazo zikatoka nyeusi tititi. Nimezitunga na shanga ndogo za kioo nyekundu katikati. Nimetengeneza mikufu ishirini na moja na bangili. Nikisema ukweli, ni mizuri. Wewe una mkono.

Fancy amechukua yote. Anasema wageni wa hoteli wanaiulizia. Fungu lako nimelituma kwa simu ya Bilhah. Anataka mia tatu nyingine, lakini amesema hana haraka hata kidogo, na mimi pia nasema hivyo. Pumzika katikati.

Hiyo stoo siipendi. Fungua dirisha, majirani wazoee. Na unapokata, mfupa uwe umelowa maji, lile vumbi lisiruke. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Mafua ya wiki ngapi hayo?

Dada yako anayekukumbuka,
Nyambeki


Mulot,
18 Mei 2025

Dada,

Salamu kutoka kwa wote. Mtoto tumemshangilia, Bilhah anamfumia kofia.

Nimechelewa, najua. Kulikuwa na msiba hapa jirani, halafu stima ikapotea siku nyingi na drili haiendi bila stima. Halafu mvua. Nimetuma mia mbili badala ya mia tatu. Za mwisho si laini sana, zipige msasa kidogo kabla ya kuzilaza kwenye chai.

Mfupa uliolowa unaziba meno ya msumeno, kazi inakuwa mara mbili. Nakata mkavu. Nimefunga kitambaa mdomoni, usijali.

Umeuliza mafua. Yalikwisha. Pole kwa mgongo. Tunga ukiwa umeegemea ukuta.

Mwambie Fancy mia moja zilizobaki zitakuja.

Onyiego


Kapkatet,
8 Juni 2025

Kwa Onyiego, kaka yangu,

Leo nimekuita jina lako kavu ujue nimekasirika. Lakini kwanza salamu, maana mama hakutulea vibaya. Wewe na Bilhah hamjambo? Moureen na watoto hawajambo. Huku baridi imeshuka, asubuhi ukungu unafika mlangoni. Kofia ilifika, inamtosha mtoto na inamtosha baba yake pia. Mwambie Bilhah nimesema asante kwa zote mbili.

Sasa tuongee. Nimelaza shanga zako kwenye chai siku tatu. Siku ya tatu nikafunua sufuria. Nusu zimeshika rangi kama kawaida. Nusu nyingine zimenitazama vile vile zilivyoingia, nyeupe, zinang'aa kama meno ya mtu aliyetoka kwa daktari. Nikasema labda mafuta hayakutoka. Nikazichemsha tena na magadi, nikazirudisha kwenye chai siku nne, nikaongeza majani. Ni kama nilizilaza kwenye maji ya kisima.

Nikachukua sindano nikaipasha kwenye makaa, nikaigusa moja. Mfupa ukichomwa unanuka nywele. Hii ilinuka beseni, na sindano ikazama mpaka katikati.

Baba Masese, hizo ni plastiki. Ni zile za kununua sokoni kwa kikombe. Nimezitenga zote, ziko mia moja na nne. Miaka sita nimefanya kazi hii na wewe na sijawahi kupata hata moja isiyokuwa ya mkono wako. Ungetuma hizo tisini na sita za kweli, ningeshukuru. Ungetuma kumi ningeshukuru. Kwa nini unifiche mimi? Nimezijua shanga zako kwa vidole tangu siku ya kwanza. Hata hizo tisini na sita nimeziona. Matundu hayako katikati, na nyingine zimekatwa upande, utadhani mkono uliosukuma msumeno ulisimama ukapumzika ndipo ukaendelea.

Fancy pia amelalamika. Niambie kuna nini. Sikuulizi kama mteja.

Nyambeki


Mulot,
2 Julai 2025

Dada yangu,

Hatujambo. Masese alipita siku mbili akarudi.

Umenigombeza na ni haki yako. Nitakuambia ilivyokuwa. Siku hizi mifupa pale kichinjioni inanunuliwa yote na watu wa chakula cha kuku, wanakuja na pikapu alfajiri, na mimi sifanyi kazi pale tena kwamba ningewekewa kando. Nilikosa mifupa. Nikaona Fancy asikatike, nikanunua hizo nikachanganya. Nilidhani kwa vile umri umeenda hutaona. Nisamehe hapo. Nilisahau chai.

Matundu ni ya drili. Imezeeka. Itatengenezwa.

Mwezi ujao nitapata mifupa mizuri, nimeongea na mtu. Nitakata mia nne. Usimwambie Fancy aniache.

Onyiego

Wifi yangu, ni mimi Bilhah. Amenipa hii barua niishone ndani ya gunia nami nimeifungua. Mifupa iko. Imejaa nyuma ya nyumba mpaka mbwa wa Mulot yote wanalala kwetu. Simu yake haikuingia kwa pipa, iko hapa mezani na ina chaji. Hataki usikie kifua. Akisema maneno matano anakohoa mpaka anashika ukuta. Tulienda hospitali mwezi wa pili, wakampiga picha, daktari akasema ni vumbi la mifupa limeingia kwa mapafu, halitatoka tena, na akiendelea kukata hatamaliza miaka mingi. Mimi nimemwambia aache. Amesema akiacha wewe utakula nini. Anaamka anaingia kwa ile stoo. Nimeshindwa. Sasa niambie wewe tufanye nini, na usimwambie ni mimi, ingawa atajua.


Kapkatet,
24 Agosti 2025

Kaka yangu mpendwa, na Bilhah,

Nimewasalimu nyote wawili kwa sababu barua hii isomwe na wote wawili, kwa sauti, na Bilhah asome maana wewe hutaweza. Najua kuhusu kifua. Usimgombeze. Mimi ningefungua barua yako ya kwanza.

Nimekaa na karatasi hii wiki saba. Kila nikianza naona aibu, naweka kalamu chini. Niliandika barua moja ndefu ya kukukaripia kwa uongo wako, na nilipofika ukurasa wa pili nikaacha. Mtu mwenye uongo kama wangu hawezi kumaliza barua kama hiyo. Nikaitia jikoni ikawasha moto wa kupikia ugali.

Sikiliza. Fancy hana kibanda. Alifunga Januari. Wateja walikuwa wameanza kuletewa mikufu iliyotengenezwa tayari, yenye shanga kama zile za plastiki, rangi kumi na mbili na bei chini ya nauli yangu ya kwenda Kericho. Alinirudishia mikufu yangu yote akalia. Sasa anauza viatu vya mitumba na anaendelea vizuri. Hajalalamika juu yako. Hajui hata kama bado unakata.

Mia tatu za Machi ziko hapa. Mia mbili za Mei ziko hapa pia, zile za plastiki zikiwemo. Chini ya kitanda changu kuna makatoni matatu ya mikufu. Nimeitunga yote kama kawaida, na nta, na misumari, na shanga nyekundu katikati. Ningefanya nini? Ukiletewa shanga nzuri namna ile, mikono inaanza yenyewe.

Hela nilizotuma kwa simu ya Bilhah nilizitoa kwa majani ya chai. Nachuma katika shamba la jirani tangu Februari, nalipwa kwa kilo. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa nane. Ndio huo mgongo. Nilikuambia ni kukaa. Miezi saba sijakaa.

Utauliza kwa nini. Krismasi ulikuja kwangu, ukiwa umeachishwa kazi kichinjioni miezi minne, na ulikuwa umenyamaza tangu ufike. Uliguswa na kiti ukaomba msamaha kwa kiti. Halafu Moureen akauliza shanga zinaendeleaje, ukanyoosha mgongo, ukasema, "Hizi shanga ndizo zinamlipia dada yangu nyumba." Ukaomba wali tena. Ukala sahani mbili, Bilhah ni shahidi. Wiki mbili baadaye Fancy akafunga, na mimi nikaona ile sahani ya pili. Sikuweza kukuambia. Nikasema nitachuma majani mpaka apate kitu kingine cha kumnyoosha mgongo. Kumbe nilikuwa nakulipa ujiue.

Nimechoka kulilia jambo hili, kwa hivyo nitalisema mara moja. Acha kukata. Usikate hata moja. Mimi sili kwa msumeno wako, sijala tangu Januari. Ng'ombe walikuwa saba, nawe umenirudishia mfupa kwa mfupa mpaka zizi limejaa. Inatosha. Kama kuna mtu wa ukoo atakayekuuliza, mlete kwangu nimfungulie makatoni.

Nijibu hata kama ni matusi.

Nyambeki


Mulot,
19 Oktoba 2025

Nyambeki,

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilingoja zipungue. Hazijapungua sana, lakini karatasi iko hapa.

Bilhah aliisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Alipofika kwa makatoni nilitoka nje. Nilienda mpaka kichinjioni na kurudi, kitu ambacho kilinichukua asubuhi nzima.

Nitakuambia hasira yangu ni nini. Si uongo, hata mimi nilidanganya. Ni kwamba kila siku ndani ya ile stoo, pumzi ikikataa, nilikuwa nashika meza nasema, Nyambeki analala njaa nikisimama. Ndivyo nilivyokuwa naendelea. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Ningeweza kusimama Januari. Wewe ulikuwa unajua hakuna anayenunua, mimi nilikuwa najua siwezi kukata, na kila mmoja akanyamaza kwa heshima. Heshima gani hiyo. Nimeifikiria na nimekosa jina lake.

Na nilikuwaza wewe na kikapu mgongoni kwa umri huo, katika ukungu. Nilikulea usibebe kikapu. Hapo ndipo nililia, uambiwe na mimi kabla hujaambiwa na Bilhah.

Msumeno nimeuuza. Drili amechukua Masese. Stoo Bilhah ameifagia na kuipiga maji mara tatu, na bado jua likiingia unaliona lile vumbi likielea. Kichinjio kiko karibu, na huku upepo haulali. Daktari amesema nitafute mahali penye unyevu, pasipo vumbi. Hiyo ni kama kutaja Kapkatet bila kuitaja.

Kuna neno ambalo sijawahi kukuambia tangu baba alipofariki, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na wewe kumi na tano. Mkubwa halisemi kwa mdogo. Bilhah ananiambia niliandike tu, karatasi haitaanguka.

Nimechoka, dada yangu. Nimechoka sana. Nikikaa chini nafikiria jinsi nitakavyosimama. Sina kazi ya kukuletea na sina kitu cha kukukatia. Kama kuna chumba hapo kwenye ploti yenu, tungekuja mimi na Bilhah, kwa muda, nipumue. Kama hakuna, sema tu hakuna.

Onyiego


Kapkatet,
26 Oktoba 2025

Baba Masese,

Chumba kipo, cha mwisho upande wa ua. Nimekilipia mwezi mmoja na nimepiga sakafu maji. Si kwa muda. Mlete Bilhah na sufuria zake na hasira zako zote, hapa kuna nafasi.

Tangu nisome barua yako sijaenda kwa majani. Nilijiambia nitaenda Jumatatu, Jumatatu ikapita. Nimelala, Onyiego. Nalala jua likiwaka, naamka nakunywa maji, narudi. Jirani alidhani ni malaria. Si malaria. Ni vile hakuna mtu ninayemficha kitu.

Mkija msipige hodi kwangu. Mkiona mlango umefungwa mjue bado nimelala. Ufunguo wa chumba chenu uko kwa mwenye duka, kitanda kimeshatandikwa. Ingieni, vueni viatu, nanyi mlale. Tutasalimiana tukiamka.

Nyambeki